Bunduki Kuukuu na Safari Zake

Ikiwa wewe, msomaji, ni mwenyeji wa Shinyalu, au umepata kufika huko siku ya mapigano ya mafahali, umekwisha kuona ya kuwa watu wa Isukha hawamtazami fahali kwa macho tu. Fahali anapoletwa uwanjani pamoja na nyimbo na vishindo vya vijana, mzee aliye kando yako hatakuuliza uzito wa mnyama huyo. Atakuuliza amelelewa katika boma la nani, amepata kupigana na nani, na kovu lile la begani alilipata wapi. Kovu ndilo lenye habari. Fahali asiye na kovu wala nasaba ni nyama tu.

Nimeanza na fahali kwa sababu nataka kukueleza habari za watu wengine ulimwenguni ambao huitazama bunduki kwa namna iyo hiyo. Hao ni wakusanyaji wa silaha za kale. Bunduki wanazozitaka si mpya, wala hawazitaki kwa kuwinda. Hutafuta bunduki za majeshi zilizotengenezwa miaka mia au mia na hamsini iliyopita, zenye ubao uliokwaruzika na chuma kilichofifia, na hutoa fedha nyingi kuzipata. Mtu wa kawaida akiona bunduki ya namna hiyo husema ni chuma chakavu. Mkusanyaji huigeuza juu chini, hutwaa kioo cha kukuzia, akasoma alama ndogo zilizopigwa mhuri juu ya mtambo na juu ya kitako, kisha huuliza kama yule mzee wa Isukha: ilikuwa ya nani, ilipigana wapi, ilifikaje hapa?

Watu wengi hudhani ya kuwa biashara ya kununua na kuuza bunduki kuukuu za vita ni mchezo wa matajiri wa Ulaya na Marekani, na kwamba haituhusu sisi. Dhana hiyo si kweli. Zamani za babu wa babu zetu biashara hiyo ilipita katika bara letu kama mafuriko, na tawi lake moja lilifika mpaka nchi ya Waluhya, mwendo wa siku moja au mbili kwa miguu kutoka hapo Shinyalu. Tofauti ni hii, kwamba wakati ule bunduki kuukuu hazikununuliwa ili zitundikwe ukutani.

Kwanza yafaa tujue bunduki zenyewe. Lugha yetu imetunza majina yake vizuri kuliko vitabu vingi. Bunduki ya mrao ndiyo ya kale kabisa. Iliwashwa kwa utambi uliokuwa ukiungua polepole. Baada yake ilikuja gumegume, ambayo mtambo wake ulishika kijiwe kigumu. Kijiwe kilipogonga chuma kilitoa cheche, cheche ikaangukia baruti iliyo katika kifa, na moto ukapenya ndani ya kasiba. Mvua ikinyesha, mwenye gumegume alikuwa sawasawa na mwenye fimbo. Ndipo ikaja bunduki ya fataki, ambayo haikuwa na haja ya kijiwe, bali kikombe kidogo cha shaba chenye dawa ya kulipuka. Zote hizo zilishindiliwa kwa mbele: baruti kwanza, kisha risasi, kisha mdeki kuzisukuma ndani. Bunduki kama hizo za kushindilia watu waliziita magobori. Nawe huenda umesikia mtu asiyefaa kitu akiitwa gumegume. Sasa unajua tusi hilo limetoka wapi: ni bunduki inayogonga pasipo kulia.

Tuendelee. Katika karne ya kumi na tisa mataifa ya Ulaya yalishikwa na wasiwasi wa kushindana kwa silaha. Mwaka 1866 jeshi la Prussia liliwashinda Waaustria, na sababu moja ilikuwa kwamba askari wa Prussia walitia risasi kwa nyuma ya bunduki hali wamelala chini, ilhali wenzao walikuwa wangali wakisimama na midaki yao. Toka siku hiyo hakuna mfalme aliyelala usingizi. Mwaka uo huo Ufaransa ilichagua bunduki ya Chassepot. Uingereza ilizichukua bunduki zake za kushindilia, ikazikata nyuma na kuzitia mtambo wa Snider. Haikupita miaka mitano ikaziacha kwa ajili ya Martini-Henry, mwaka 1871. Wajerumani nao walichagua Mauser mwaka uo huo. Kisha mwaka 1886 Wafaransa walitoa bunduki ya Lebel iliyotumia baruti isiyo na moshi, na kwa siku moja, kama tunavyoweza kusema, bunduki zote nyingine duniani zikawa za kale.

Fikiri basi, msomaji. Jeshi lenye askari laki tatu linapobadili bunduki, laki tatu zile za kwanza huenda wapi? Hazikuwa mbovu. Zilikuwa zikipiga vizuri kama jana. Serikali ziliziuza kwa mzani na kwa fungu, na wafanyabiashara wa Liège, Birmingham na Hamburg wakazinunua kwa bei ya kutupa. Nao wakatazama ramani kutafuta mahali ambapo bunduki iliyodharauliwa Ulaya ingali kitu cha thamani. Wakapaona Afrika.

Mlango mmoja mkubwa ulikuwa Unguja. Mwaka 1877 serikali ya Uingereza yenyewe ilimpa Sultani Barghash bunduki 500 za Snider kwa ajili ya kikosi kipya cha askari alichokuwa akikifundisha Lloyd Mathews. Nazo, kama ulivyokwisha soma, zilikuwa bunduki ambazo jeshi la Uingereza lilikuwa limeanza kuziacha. Lakini hizo 500 ni tone. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha zilizoingia bara kupitia pwani yetu zilifika kati ya 80,000 na 100,000 kila mwaka. Ziliingia kwa majahazi na kwa meli, zikapanda mabega ya wapagazi, na zilikwenda bara kununua pembe za ndovu na watu. Ndiyo, na watu. Bunduki ilimpata mateka, mateka alibeba pembe, pembe ilinunua bunduki nyingine. Gurudumu hilo lilizunguka miaka mingi.

Mfano mmoja nautoa kwa sababu unaonyesha hesabu ya biashara hiyo waziwazi. Arthur Rimbaud alikuwa mshairi wa Kifaransa aliyesifiwa sana baadaye, lakini aliacha mashairi akiwa kijana na kwenda kufanya biashara Aden na Harar. Mwaka 1885 aliwaandikia jamaa zake kueleza mali aliyokusudia kuipeleka kwa Menelik, mfalme wa Shoa katika Ethiopia. Zilikuwa bunduki za fataki, zilizokwisha kuondolewa jeshini miaka mingi, ambazo kwa wauzaji wa vitu vikuukuu huko Liège zilipatikana kwa faranga 7 au 8 moja. Kwa Menelik zilikuwa zikiuzwa kwa kiasi cha faranga 40. Rimbaud alipanga msafara wa bunduki karibu 2,000, akakwama pwani ya Tadjoura kwa miezi mingi, akavuka jangwa, akafika Shoa mwaka 1887. Na huko akakuta mnunuzi aliyekuwa mjanja kuliko muuzaji. Menelik alikuwa na wauzaji wengi mlangoni, wa Kifaransa na wa Kiitalia, wala hakuona sababu ya kulipa bei iliyotajwa. Rimbaud alirudi na faida ndogo na manung'uniko makubwa. Menelik aliendelea kununua, zile kuukuu na zile mpya, hata tarehe 1 Machi, 1896, huko Adwa, akalishinda jeshi la Italia. Nimesema hayo ili usidhani kwamba Mwafrika katika biashara hii alikuwa mtu wa kudanganywa siku zote.

Sasa turudi kwetu. Simama Shinyalu ukitazama mashariki. Una msitu wa Kakamega, na nyuma yake genge la Nandi. Ukigeuka kutazama kaskazini na magharibi, nchi inateremka polepole kuelekea mto Nzoia na mji wa Mumias. Zama zile mji huo ulijulikana kwa watu wa misafara kama Kwa Sundu, kwa jina la Shiundu, baba yake Nabongo Mumia. Mwingereza Joseph Thomson alipofika huko mwaka 1883 alikuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha kupajua. Palikuwa mahali pema: chakula tele, mtawala mwenye kupokea wageni, na njia ya kwenda Uganda. Wageni walihitaji chakula na pembe. Mumia alihitaji nguvu juu ya jirani zake. Bunduki zilikuwa kitu ambacho wageni walikuwa nacho.

Mwaka 1889 Frederick Jackson wa kampuni ya Waingereza alifika Mumias na msafara wake. Mwaka uliofuata Mjerumani Carl Peters alipita hapo, akazifungua na kuzisoma barua za Jackson bila haya, akakimbilia Buganda kabla mwenzake hajarudi. Misafara hiyo yote ilikuwa na watu wengi wenye bunduki, na si ajabu kwamba bunduki zilidondoka njiani. Mpagazi mgonjwa, askari asiyelipwa, mtoro aliyechoka: kila mmoja alijua ya kuwa kile chuma begani mwake kingemnunulia ng'ombe, mke na kimya. Ulinzi wa biashara hii ulikuwa mgumu kwa sababu bidhaa yake hutembea na mwenyewe.

Mataifa ya Ulaya yalipoona ya kuwa silaha walizoziuza zinaanza kuelekezwa kwao, yalifanya mkutano huko Brussels, na tarehe 2 Julai, 1890, yakatia sahihi mkataba. Ndani yake mlikuwa na mambo mema juu ya kuzuia biashara ya watumwa, wala sitaki kuyadharau. Lakini mlikuwa pia na vifungu vya silaha. Katika sehemu yote ya Afrika iliyo kati ya nyuzi 20 kaskazini ya ikweta na nyuzi 22 kusini yake, haikuruhusiwa kumwuzia mwenyeji bunduki zenye mifuo ya kuzunguka ndani ya kasiba, wala bunduki za kisasa za kutilia risasi nyuma. Na bunduki gani iliweza kuruhusiwa? Gumegume! Mwafrika aliachiwa kununua silaha ya kijiwe, wakati askari wa makampuni na serikali za Ulaya walipokuwa wakipewa bunduki mpya kabisa. Tangu hapo swali la bunduki ipi ni kuukuu na ipi ni mpya halikuwa tena swali la fundi. Lilikuwa swali la nani atatawala.

Mtu mmoja aliyejaribu kuendelea na biashara ile baada ya mkataba alikuwa Charles Stokes, mzaliwa wa Ireland, ambaye alikuja kwanza kama mtumishi wa misheni, kisha akawa mfanyabiashara mwenye misafara mikubwa kati ya pwani na ziwa la Viktoria. Ndiye aliyemsaidia Kabaka Mwanga kurudi katika ufalme wake mwaka 1889. Mwezi wa Januari, 1895, ofisa wa Dola Huru ya Kongo, jina lake Lothaire, alimkamata, akamshitaki kwa kuwauzia silaha Waarabu waliokuwa wakipigana na Dola hiyo, akamhukumu upesi na kumtundika pasipo kumpa nafasi ya kukata rufani. Serikali ya Uingereza ilikasirika mno. Lothaire alishitakiwa, akaachiliwa. Kelele zilizopigwa katika magazeti ya Ulaya kwa ajili ya kifo cha mwuza bunduki mmoja Mzungu zilikuwa kubwa. Kwa wale waliouawa na bunduki zenyewe sikusoma kelele nyingi.

Mwaka uo huo wa 1895 ndio mwaka wa vita vya Wabukusu, na hapo ndipo nataka ukae nami kidogo.

Waingereza walikuwa wametangaza himaya yao juu ya Uganda mwaka 1894, na nchi ya Mumias ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda mpaka mwaka 1902. Ofisa wa kwanza kukaa Mumias alikuwa Spire. Baada yake, mapema mwaka 1895, alikuja C. W. Hobley. Kaskazini ya Mumias waliishi Wabukusu, watu wengi na mashujaa, ambao vijiji vyao vilizungushiwa kuta za udongo na mahandaki. Wabukusu hawakuwa na sababu ya kumpenda Mumia, wala kuwapenda wageni wake. Lakini walikuwa na ng'ombe, na mtoro mwenye bunduki hutafuta mwenye ng'ombe. Hivyo bunduki za serikali zikapita mikononi mwa watoro na kuingia katika ngome za Wabukusu.

Spire alituma kikosi kidogo cha askari wa Kisudani kwenda kuzidai bunduki hizo. Kikosi hicho hakikurudi. Wabukusu walikiua, na bunduki za askari wale zikaongezwa juu ya zile walizokwenda kuzitafuta. Tafadhali ipime hali hiyo kwa pande zote mbili. Mbukusu aliyetoa ng'ombe wake kwa bunduki aliona kuwa amenunua; mali iliyonunuliwa sokoni hairudishwi kwa sababu tu mwenyewe wa kwanza amekuja na hasira. Ofisa aliona kuwa ni mali ya serikali iliyoibwa. Kila mmoja alikuwa na hoja. Lakini nadhani hoja ya ndani zaidi ilikuwa ile ile ya Brussels: serikali haikuogopa kupoteza bei ya bunduki chache, iliogopa watu wenye kuta imara kuwa na bunduki.

Mwezi wa Agosti, 1895, lilikusanywa jeshi: askari wa Kisudani, Waganda wengi, watu wa Mumia, na Wamasai. Hobley alikwenda nalo. Ngome ya Lumboka, upande wa Bungoma, ilishambuliwa kwanza, ikavunjwa baada ya mapigano makali. Wabukusu waliosalimika walikwenda kujikusanya katika ngome ya Chetambe, juu ya kilima kilicho karibu na mji wa Webuye wa leo. Huko nako walisimama imara, wakapigwa, ngome ikaanguka. Waliuawa wengi; ng'ombe walichukuliwa na wanawake na watoto walikamatwa. Baada ya hapo palifanywa amani. Kilima cha Chetambe kingalipo, na jina lake Wabukusu hawajalisahau.

Shinyalu haikuwa na ngome kama Chetambe. Lakini habari za Chetambe hazikuhitaji gazeti ili zifike Isukha. Watu walijifunza toka hapo kwamba mwenye bunduki nyingi na risasi za kutosha ndiye atakayetoa amri, na walipoona askari wa serikali wakija kuhesabu vibanda kwa ajili ya kodi, walijua nini kiko nyuma yao.

Nitapita haraka juu ya miaka iliyofuata mpaka Vita Kuu ya 1914, maana ni miaka ambayo serikali zilishika silaha kwa mkono mgumu. Vita vile vilipoanza, Wajerumani katika Tanganyika walikuwa na makampuni kadhaa ya askari waliokuwa wangali na bunduki za Mauser za mwaka 1871. Baruti yake ilitoa wingu la moshi mweupe. Askari akipiga mara moja, adui alijua yuko nyuma ya mti gani. Bunduki iliyokuwa fahari ya Ujerumani miaka arobaini nyuma ikawa msaliti wa mwenyewe. Katika mapigano ya Tanga mwezi wa Novemba, 1914, Wajerumani waliokota bunduki za kisasa zilizoachwa na Waingereza. Mwezi wa Aprili, 1915, meli iitwayo Rubens ilipenya mpaka ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikiwa na bunduki mpya. Waingereza waliipiga ikazama, lakini shehena yake ilitolewa majini na wapiga mbizi, na risasi zilizolowa zikafunguliwa moja moja na kukaushwa juani.

Tarehe 25 Novemba, 1917, jeshi la Lettow-Vorbeck lilivuka Ruvuma, likaishambulia kambi ya Wareno huko Ngomano na kutwaa bunduki zao. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 25 Novemba, 1918, jeshi hilo liliweka silaha chini Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, katika Zambia. Zilipohesabiwa zilikuwa bunduki 1,071, zote za Waingereza na Wareno. Jeshi la Ujerumani lilimaliza vita pasipo bunduki za Ujerumani. Maelfu ya watu wa nchi ya Waluhya waliitwa katika vita vile, wengi wao wakiwa wapagazi wa Kariakoo ambao walibeba masanduku ya risasi na hawakuwahi kupewa hata bunduki moja ya kushika.

Sasa unaweza kuelewa kwa nini mkusanyaji wa leo huangalia alama kwanza. Bunduki ya Kireno iliyotengenezwa kwa ajili ya Lisbon, ikachukuliwa Ngomano na askari wa Kiafrika wa jeshi la Ujerumani, kisha ikakabidhiwa kwa Mwingereza, si sawa na dada yake aliyebaki ghalani. Lakini nani atathibitisha? Hapo ndipo penye kazi, na penye hila. Bunduki ya jeshi ilipigwa nambari juu ya kasiba, juu ya mtambo, na mara nyingi juu ya ubao. Nambari zikilingana, bunduki ni nzima kama ilivyotoka kiwandani. Zisipolingana, imeungwa kwa viungo vya maiti mbalimbali, na bei hushuka. Mnunuzi mwenye busara hapendi bunduki iliyong'arishwa, maana aliyesugua kutu amesugua na habari zilizokuwa chini yake.

Wadanganyifu nao hawakulala. Katika milima ya Khyber, mpakani mwa Pakistani na Afghanistani, mafundi walikuwa wakinakili bunduki za Kiingereza kwa tupa na nyundo, pamoja na mihuri yake. Kazi yao ni ya kustaajabisha, ila mara kwa mara herufi huwa zimepinduka. Wakati mwingine huonekana taji la Malkia Viktoria na herufi zake juu ya bunduki yenye tarehe ya baada ya 1901. Malkia huyo alifariki mwezi wa Januari, 1901! Mwanafunzi aliyeshika tarehe za wafalme vizuri angeweza kumwokolea mnunuzi fedha nyingi kwa kutazama mara moja.

Hata maghala ya zamani yamefunguliwa. Mwaka 2003 wafanyabiashara walinunua kutoka Nepal maelfu ya bunduki za karne ya kumi na tisa zilizokuwa zimelala katika jumba la kifalme la kale huko Kathmandu, zimefunikwa na vumbi. Na katika miaka ya karibuni shehena za bunduki kuukuu zilizokaa Ethiopia zimechukuliwa kwenda Marekani na kuuzwa huko kwa wakusanyaji, mojamoja. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 haiihesabu kuwa silaha bunduki ya kale iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake. Mtu aweza kuinunua kama anavyonunua saa ya ukutani. Hivyo bunduki iliyotoka Ulaya kama takataka, ikavuka jangwa kwa ngamia, ikakaa Afrika zaidi ya miaka mia, imerudi kwa wajukuu wa waliyoiuza, nao wanailipia bei ambayo Rimbaud hakuiota. Kovu limepanda bei kuliko fahali.

Kwetu Kenya mambo si hivyo. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, yakataza mtu kuwa na bunduki au risasi pasipo cheti, na umri wa bunduki si kisingizio cha mtu kuificha darini. Mimi siilaumu sheria hiyo. Bunduki ya .303 ya Lee-Enfield, ambayo mtu wa London angeiita ukumbusho, ilikuwa ingali silaha ya kazi mikononi mwa polisi wa akiba wa kaskazini ya Kenya miaka mingi baada ya uhuru. Na mwizi wa mifugo aliyeipata hakuuliza ni ya mwaka gani. Mwezi wa Novemba, 2016, zilichomwa moto huko Ngong bunduki zaidi ya 5,000 zilizokusanywa kutoka kwa watu wasio na haki ya kuwa nazo. Nilifurahi, kama raia. Lakini kama mtu apendaye historia nilijiuliza kama yupo aliyepita kati ya marundo yale na daftari, akaandika nambari na mihuri kabla ya moto kuwashwa. Kuiondolea bunduki uwezo wa kuua hakuhitaji kuiondolea na jina.

Huenda siku moja, wewe au ndugu yako, mkilima shamba au mkichimba msingi wa nyumba, jembe litagonga ganda la risasi la shaba, au kipande cha mtambo chenye kutu. Nchi yetu imepitiwa na watu wengi wenye silaha. Usikigonge kwa jiwe, usikitie motoni, wala usikipeleke sokoni; risasi iliyokaa ardhini muda mrefu yaweza kuwa ingali na moto ndani yake. Kiache mahali pake, uite mtu mzima, na habari ipelekwe kwa chifu au kituo cha polisi. Kisha kabla ya jua kuchwa, chukua kalamu uandike: shamba la nani, kina cha dhiraa ngapi, upande gani wa njia, kililala pamoja na nini, na wazee wa boma lile wanasema nani alipita hapo zamani. Andika na tarehe.